Kila Muntu Alitaka Atajwe na Kasuku

Watu wa parsele yetu, uwanja mumoja wa nyumba za kupanga hapa Kalemie, wanasema kasuku wangu alikufa kwa uzee. Waongo. Najua nani alimuua, na wenyewe watajijua wakisoma hapa.

Ule ndege nilitoka naye Nyunzu, wakati vita vilipochoma nyumba yetu na kunichukulia mke wangu. Nilikimbia na kikapu kichwani, kasuku ndani. Porini tulikula pamoja: ngazi, zile mbegu za mawese tulizookota chini ya michikichi, matunda ya pori, mahindi mabichi. Mimi nilikonda kama fito. Yeye manyoya yaling'aa. Hapo njo nilielewa chakula chake. Tulipofika huku ziwani sikubadilisha: asubuhi ngazi na papai, jioni majani ya lengalenga na maharagi ya kuchemsha bila chumvi, na maji safi. Bukari, ugali wetu, kidonge tu, tena si kila siku.

Lakini hapa wanaamini kwamba kasuku atataja jina la muntu anayemulisha kwa mukono wake. Basi kila muntu alitaka atajwe. Mwenye parsele, mama muzima na heshima zake, alimupa ndagala, samaki wadogo wa chumvi. Shemeji yangu alimunywesha pombe kwa kizibo, huku anacheka. Nikafoka.

"We shemeji," akanijibu, "unamulinda kama bibi-arusi, kumbe unamulisha majani kama mbuzi!"

"Mbuzi ni wewe."

Nikatundika kikapu juu kabisa ya mulango. Wakaleta kiti.

Mubaya kuwapita wote ni kiongozi wa kwaya. Kwaya yake inafanyia mazoezi uani kwetu, na siku moja alipokuja na avoka, yaani parachichi, nilimwambia mbele yao wote: "Avoka usimupe. Kwa kasuku ni sumu. Nyunzu niliona mwingine akifa nayo." Akacheka mupaka machozi. "Papa, avoka wanalishwa watoto wachanga!" Kwaya nzima ikacheka naye. Mimi sikusoma sana, basi neno langu halina uzito.

Jumapili moja nilikwenda bandarini kubeba mizigo. Kurudi, nikakuta ndege yuko chini, anahema kwa shida, mudomo umepakaa rangi ya kijani.

"Nani?"

Kiongozi wa kwaya, maganda bado mukononi: "Ni kipande tu, Papa. Nilitaka aniite."

Hakumwita. Hakumwita muntu yeyote. Alifia mikononi mwangu mbele ya jua kuzama. Njaa ya porini ilishindwa kumuua, risasi zilimukosa, akaja kuuawa na watu walioshiba.

Jioni ile kiongozi yule akaingia kwangu, uso wa kanisani. "Pole, Papa. Mungu alitoa, Mungu ametwaa."

"Mungu hakumenya avoka," nikamwambia. "Toka."

Mwenye parsele akanigombeza mbele ya wapangaji wote, eti nimekosea heshima mutumishi wa Bwana. Mazoezi yaliyofuata waliimba uani kama kawaida. Sikufungua mulango.