Pilipili za Bibi na Mikono Yangu

Mwezi uliopita nilipita kijijini Bonga kumsalimia jirani yetu wa zamani. Nilimkuta ameanika pilipili kwenye turubai, nyekundu, nene, za mbegu mpya. Akanimiminia chai. "Hizi ni nzuri," akasema, "ila za bibi yako zilikuwa na harufu. Basi tu, ugoro wake ulitumalizia mbegu." Akacheka, nami nikacheka. Chai ikanishinda.

Ngoja nikueleze, rafiki, maana jambo hili nimelibeba tangu darasa la nne.

Bibi alikuwa na pilipili ndefu aliyoirithi kwa mama yake. Aliikausha darini, juu ya moshi wa kuni, na mbegu akazihifadhi kwenye kibuyu pamoja na majivu. Ukila maharage yenye pilipili ile, jasho lilitangulia, utamu ukafuata. Kila mwaka kina mama wa mtaa walikuja kwake kuomba mbegu. Kisha akaja mtafiti wa kilimo, binti mwenye buti za mpira. Alisema pilipili za Bonga zinakufa kwa batobato, ule ugonjwa wa mabaka ya majani, na kwamba anataka shamba moja la kuzalisha mbegu safi ili wote wagawiwe. Bibi alimpenda, akamwaga kibuyu chote kitaluni. Hakubakiza hata punje. "Mgeni hapewi makombo," alisema.

Sharti la mtafiti lilikuwa moja. Ugonjwa ule hukaa kwenye tumbaku na hubebwa na mikono, kwa hiyo anayeshika tumbaku asiguse mche kabla ya kunawa kwa sabuni. Aliweka ndoo ya maji na kipande cha sabuni mlangoni mwa shamba. Bibi, mtu wa ugoro tangu ujana wake, alicheka. "Basi mimi siingii. Mjukuu wangu atakuwa mikono yangu."

Kumbe mikono hiyohiyo ndiyo iliyomsagia ugoro na magadi kila alasiri.

Siku ya kupandikiza, mvua ilikuwa imeshafunga juu ya mlima Kwaraa. Nikiwa katikati ya kazi Bibi aliniita, kichwa kinamuuma, anataka ugoro. Nikasaga haraka, nikampa, nikarudi mbio. Ndoo niliiona. Matone yalishaanza kudondoka na miche ilikuwa bado mingi, nikaipita.

Baada ya majuma machache majani yakaanza kupata mabaka, kijani kilichofifia na kijani kilichokolea, halafu yakajikunja. Sikusema. Kila asubuhi kabla ya shule niliingia nikachuma majani mabovu nikayafukia, na kwa mikono ileile nikawa naupeleka ugonjwa kwenye miche mizima. Jioni Bibi aliuliza, "Pilipili zinaendeleaje?" Nikajibu, "Vizuri, Bibi." Yeye aliyependa kutuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua!

Mtafiti alikuja siku ya Jumamosi, kina mama nyuma yake. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu." Akapita mstari kwa mstari, anainama, anageuza jani. Mwishoni akasimama.

"Nani ameingia humu na tumbaku?"

Bibi alinitazama. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu, nami nikaificha nyuma ya sketi.

"Ni mimi," akasema. "Nilishindwa kuvumilia, nikaingia."

Kina mama walimsema, mtu mzima yule, mbele yangu. Miche yote iling'olewa ikachomwa. Bibi alilitupa kopo lake la ugoro kwenye moto huo, na hadi anakufa hakunusa tena. Hakuniuliza kitu. Afadhali angenichapa.

Ndiyo maana mwezi huo uliopita, chai ikiwa imepoa, nilimwambia jirani, "Mama, si Bibi. Nilikuwa mimi."

Aliacha kugeuza pilipili. Alikuwa miongoni mwa waliomsema siku ile, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Ungesema angali hai," akanijibu taratibu. "Nilimnyima salamu msimu mzima."

Dari la Bibi limebomolewa, kibuyu sijui kiliko, na mbegu ile haioti tena popote nilipoulizia. Jirani aliniomba nimsaidie kuzianua pilipili zake. Nilimuuliza kwanza sabuni iko wapi.