Betri Niliyoipasha Moto kwenye Mafiga ya Mama

Jamani, kosa ni langu. Msianze kuniambia ni bahati mbaya, sijui shetani, sijui umeme wa siku hizi. Ni mimi, kwa mikono yangu miwili, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Makambako, upande wa Mahongole. Jina niachieni. Ni kitinda mimba kwetu, na tangu baba afariki nilikuwa nakaa na mama. Dada yangu mkubwa ameolewa Njombe mjini. Tumebaki sisi watatu tu.

Nina laptop niliyoinunua kwa mtu, ya zile za zamani ambazo betri inachomoka kwa nyuma. Niliitesa ile mashine! Ilishinda kwenye chaja kutwa kucha, naiweka juu ya blanketi kitandani inachemka mpaka siwezi kuipakata. Chaja yenyewe ya kuokoteza. Mwaka haukuisha, betri ikawa haikai hata saa moja. Fundi mmoja wa pale mjini aliigeuza, akapitisha kidole chini, akaniambia, "Mwalimu, hii imeanza kuvimba. Usiichaji tena, itafutie nyingine." Nikamjibu sawa. Nikaenda zangu, nikaendelea kuichaji.

Siku yenyewe ilikuwa Juni, na anayeijua Juni ya huku hahitaji kusimuliwa. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mimi ndiye mwalimu wa taaluma, matokeo ya shule nzima yalikuwa kwenye ile laptop, na mwalimu mkuu alitaka niyatume kabla ya saa sita.

Nikaiwasha. Asilimia arobaini na moja. Nikapunguza mwanga wa kioo mpaka nikawa nasoma kwa kukunja uso. Nikazima wifi, nikafunga kila kilichokuwa wazi, nikachomoa hata mausi. Arobaini na moja ikawa ishirini na tisa, halafu kioo kikawa cheusi. Nikaiwasha tena, ikazima tena! Nikachomoa betri nikaishika. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Baba alikuwa na redio ya betri nne kubwa. Zikichoka alizitoa, akazipanga pembeni ya mafiga, zikipata joto anazirudisha, na redio inaongea mpaka taarifa ya habari iishe. Nani huku hajafanya hivyo? Wengine wanazianika juani, wengine wanazing'ata. Nikajiambia betri ni betri.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa kwenye kigoda chake anaota moto, sufuria ya viazi imebandikwa. Ana shida ya miguu, kwa hiyo asubuhi za baridi hatoki pale mpaka jua lipande.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Nini tena hicho?"

"Betri tu. Kama zile za redio ya baba. Ikipata joto nakuja kuichukua."

"Haina shida hapa?"

"Haina, mama."

Nikaiegemeza kwenye figa, upande ambao moto ulikuwa mdogo, nikatoka. Nilitaka dakika tano tu. Uani nikamkuta jirani yetu mwenye saluni, naye analia na umeme. Tukasimama tunalalamika, mikono makwapani kwa baridi. Huko ndani mama akaona viazi haviivi, akasukuma kuni.

Nikasikia paa! Nikadhani ni mwanzi umepasuka motoni. Ikaja ya pili, ya tatu, kisha kitu kinafoka kama sufuria iliyofunikwa. Halafu harufu ikatufikia, plastiki na dawa ya kupulizia mahindi kwa pamoja, inakamata koo. Kisha mama akapiga yowe.

Nilikimbia. Moshi ulikuwa umejaa mlangoni hata moto wenyewe siuoni. Vipande vinaruka huku na huku vinatoa cheche, kimoja kikanipita sikioni. Nikaita, "Mama! Mama!" Kimya. Mungu wangu, zile sekunde! Nakiri mbele yenu kwamba kuna nukta moja nilirudi nyuma. Nilidhani nimeshamuua mama yangu, na bado nilirudi nyuma.

Nikainama, nikaingia napapasa. Mkono ukashika kitenge chake. Nikamburuta hadi nje kwenye zile nyasi za barafu, anakohoa, macho yanamtoka machozi. Mkono wake wa kulia sitauelezea hapa.

Kumbe aliiona betri inafuka moshi, akainyakua kwa mkono mtupu aitoe motoni. Alikuwa analia huku ananiambia, "Nimejaribu, mwanangu. Niliona kazi yako inaungua."

Umeme ulirudi saa nne na nusu asubuhi ileile. Tulikuwa hatujafika hata hospitali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mpaka hapo mtasema huyu ni mjinga tu. Ujinga uliishia pale. Kilichofuata nilikifanya najua.

Hospitali nesi aliuliza, "Bibi ameunguaje?" Mama akaniangalia mimi, anasubiri niseme. Nikaogopa! Nikamwona dada yangu kichwani, nikaiwaza kazi yangu, nikamkumbuka fundi aliyenionya. Mdomo ukatamka, "Alianguka motoni. Wazee, si unajua." Nesi akaandika. Mama akafumba macho.

Kabla dada hajafika kutoka Njombe nilikimbia nyumbani, nikaokota mabaki ya betri kwa koleo, nikayafukia nyuma ya choo. Jirani wa saluni alinikuta nafukia. Nikamwambia ni uchafu tu, akaniangalia akaenda zake.

Basi uongo ukaota mizizi. Dada alilia, akasema mama hawezi tena kukaa na moto. Akayang'oa mafiga mwenyewe, akayatupa kwenye shamba la mahindi. Watu waliokuja kutoa pole walikuwa wanaongea juu ya kichwa cha mama kama vile hayupo: uzee huo, ndugu zangu, uzee haukopeshi. Bibi kaa mbali. Bibi usiguse. Mama aliyetulea kwa jembe na kuni zake, leo anapokonywa hata kikombe cha chai! Vidole vya mkono wa kulia havikunji tena, lakini akili yake ni nzima kuliko yangu. Alikuwa anasikia yote. Nami nilikaa pembeni natikisa kichwa pamoja na wengine.

Wiki ya tatu dada akamchukua kwenda kukaa naye Njombe. Mama hakuaga. Alisimama kidogo pale mafiga yalipokuwa, akapanda gari.

Nilibaki na nyumba na woga. Simu ya dada ikiita, najua leo amejua. Nikichaji simu siwezi kuondoka, nakaa nimeiwekea kiganja juu kuona kama inapata moto. Mwanzi ukipasuka kwa jirani nasimama. Darasani mtoto mmoja alipasua chupa ya maji kwa mguu, nikapiga kelele mbele ya wanafunzi sitini.

Siku moja mama akapiga kwa simu ya mjukuu wake. Sauti ilikuwa ya chini. "Huku kuna baridi, mwanangu. Dada yako ananifungia mlango wa jiko."

Jumamosi nilipanda gari kwenda Njombe. Nilisema yote nimesimama, sebuleni kwa dada, bila hata kunywa maji niliyoletewa. Betri, fundi, mafiga, nesi, koleo. Dada hakunikatisha. Nilipomaliza akamgeukia mama.

"Mama, ni kweli? Kwa nini ulinyamaza muda wote huu?"

Mama alikuwa ameuficha mkono wake ndani ya kitenge. "Aliponiambia ni betri kama za redio, alikuwa hajui," akasema. "Hilo nilimsamehe palepale kwenye nyasi." Kisha akanitazama mimi. "Lakini alipomwambia nesi nimeanguka, alikuwa anajua."

Jamani! Bora angenipiga.

Dada alinyanyuka bila kuniangalia, akaenda kufungua mlango wa jiko. Mama amesema atarudi Mahongole siku nitakayomrudishia mafiga yake, na anataka yaleyale.

Ndugu yangu unayesoma, laptop yako ikizima kwa baridi, iache chumbani kwenye joto la kawaida, itapata nguvu yenyewe. Betri ya laptop si ya redio, usiisogeze karibu na moto hata kidogo! Usiichaji juu ya blanketi. Ukiona imevimba, usimpuuze fundi kama mimi. Ikianza kufuka moshi iache iungue, toa watu nje, hakuna kazi iliyo na thamani ya mkono wa mzazi. Na ukishakosea, sema siku ileile, nesi akiwa bado ameshika kalamu. Usimtwike mzazi kosa lako kwa kuwa unajua hatakusema.

Mafiga nimeyatafuta kwenye mahindi kila jioni nikitoka shule. Nimepata mawili. La tatu bado.