Mafuta ya Cherehani

Kra, kra, kra. Ni kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, kile cha kubonyeza huku unazungusha ili watoto wasifungue. Mpaka leo nausikia mlio wake.

Mwaka 2017 nilikaa Rosettenville, Johannesburg, na kaka yangu, fundi nguo. Mimi nilisuka nywele, nikiota saluni yangu yenye vioo ukuta mzima. Yeye alishonea nyumbani, na kila jioni akifunga kazi, nyuma ya pazia: kra, kra, kra. Alianza na kikohozi cha kweli. Kisha mama yetu akafa Bukavu, na kaka hakuweza kwenda kuzika. Kikohozi kikaisha, dawa ikabaki.

Kanisani walisema ni pepo, wakamfungisha kula. Alipomaliza mfungo, akanywa dawa zaidi. Kliniki ndiyo iliyompunguzia dawa kidogo kidogo hadi akaacha. Baada ya wiki chache akairudia, akaacha tena. Kila Jumamosi akawa anakwenda kwenye kikundi cha wanaoacha dawa, na mimi naogopa tu.

Mshauri wa kikundi, mama Mtanzania aliyeolewa huku, aliniita.

"Mama, kama si pepo ni nini?"

"Ni huzuni, mwanangu. Dawa iliituliza, ubongo ukakariri. Sasa chochote kilichokuwa karibu na dawa kinamwita: saa ile, kiti kile, mlio. Hapa anajifunza kuisema huzuni yake. Nyumbani, viondoeni hivyo vinavyomwita."

"Saa nitaiondoaje?"

Akacheka. "Saa huiwezi. Mpe kazi nyingine saa hiyo. Apike."

"Yaya wangu, kaka huyu? Ataunguza sombe."

"Kuleni kisamvu chenu hivyohivyo."

Aliunguza kweli. "Yaya, hii ni majani ao makala ya jiko?"

"Kula, mdogo wangu. Kesho utapika wewe."

Tulicheka. Kisha akaenda kutia mafuta cherehani yake, na nikasikia: kra, kra, kra. Kwetu chupa haitupwi. Mafuta ya cherehani yalikaa kwenye chupa za dawa zilizoisha. Nilichungulia. Alikuwa ameishika chupa bila kumimina, jasho usoni.

"Eish," alisema taratibu, akaiweka chini, akatoka kukaa mlangoni.

Jumamosi alipokwenda kikundini, niliosha chupa ya haradali, ile laini ya kubinya, isiyolia, nikahamishia mafuta. Zile za dawa nikazifunga kwenye mfuko, nikatembea mpaka mtaa ambao yeye hapiti, nikazitumbukiza kwenye pipa.