Viatu Mlangoni

Nilifika Minnesota kwa kuzunguka. Kutoka Tanga niliingia melini kufanya kazi chumba cha injini, nikatangatanga bandari za Asia kwa miaka, mwisho nikateremka Texas na sikupanda meli tena. Basi lilinishusha Minneapolis katikati ya theluji, nikiwa na koti la mvua.

Nilipata kazi Fridley, mji wa jirani, kwenye nyumba ya wazee yenye kikanisa chake. Mmoja wa niliowahudumia alikuwa bibi wa Kijapani, mjane wa askari wa Kimarekani. Kiharusi kilimfutia Kiingereza chote, akabaki na lugha ya kwao, na pale hapakuwa na aliyeijua. Kila Jumapili nilimpeleka misani, akijikongoja na fremu yake ya kutembelea, na kila Jumapili aliishia mlangoni. Aliinamia miguu yake, akalia, nikamrudisha chumbani. Wenzangu walisema akili zimeshamtoka.

Mimi nilikumbuka kanisa la mbao nililoingia zamani, kwenye kisiwa kimoja upande wa Nagasaki, meli yetu ilipokuwa ikitengenezwa. Ndani hapakuwa na mabenchi, mikeka tu, na viatu vya waumini vilipangwa nje. Mlinzi alizitazama buti zangu mpaka nikaelewa, nikazivua.

Basi Jumapili moja nilichuchumaa mbele ya bibi, nikamwambia neno la kwao nililobaki nalo, la viatu: "Kutsu?"

Alinishika mkono, hakutaka kuuachia.

Nilimwomba nesi wa zamu, dada wa Kikenya, aniruhusu nimvue. Alikataa. Sheria ya pale ilikuwa mgonjwa hasimami bila viatu.

"Mzee, akianguka tunafutwa wewe na mimi," alisema. "Hapa ni Fridley, si Japani. Mungu atampokea na raba zake."

"Mungu sawa, dada. Na yeye mwenyewe?"

Alisukuma toroli lake la dawa, akaenda zake. Bibi alifariki theluji ikianza kuyeyuka, hajavuka mlango ule.

Jeneza lilipoletwa kikanisani, nilimuuliza mtu wa mazishi aliyelileta kama wamemvisha viatu.

"Hapana," alisema. "Miguu haionekani. Hatuwavishi."

Nilivua vyangu mlangoni, tukamsukuma ndani. Nesi alizitazama soksi zangu, akainamisha kichwa. Misa ilipokwisha nilivaa viatu, nikamkabidhi kitambulisho changu cha kazi. Sikutaka kumsimamisha mtu mwingine kwenye mlango ule. Jioni nilikuwa ndani ya basi la kwenda magharibi, na Minnesota sijarudi.