Kola Iliyochanika Mara Tatu

Kwenye kibaraza kinachotazamana na lango la shule zimebaki alama nne za miguu ya cherehani. Kengele ya mapumziko inalia, na hakuna mlio wa mashine ng'ambo ya barabara.

Fundi wa nguo alishona hapo miaka kumi na mmoja. Watoto walimwita Mama Kiraka, naye akiwajibu, "Kiraka mimi, matundu nyinyi!" Nguo zilimweleza mengi. Goti lililochanika ni mpira. Mfuko ulioning'inia ni mawe na gololi. Kola iliyong'oka kwa nyuma ni mkono wa mtu.

Binti mmoja wa darasa la sita alimletea kola ileile mara tatu katika mwezi mmoja.

"Umeanguka tena?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwanangu, hakuna anayeangukia kola."

Binti akacheka kidogo, kisha akalia. Wasichana watatu wa darasa la saba walikuwa wakimburuta nyuma ya vyoo na kumlazimisha aimbe kwamba ananuka. "Usimwambie mtu, shangazi. Watanimaliza."

Mama Kiraka alikaa na neno hilo siku mbili. Mwishowe akaona kunyamaza ni kuwasaidia wale watatu, akamwendea mwalimu wa nidhamu, mwanamume waliyekaa naye dawati moja utotoni.

"Usimtaje mtoto," alimsihi. "Wavizie tu kule vyooni, uwakamate mwenyewe."

"Dada, umenijua leo? Imeisha hiyo."

Jumatatu asubuhi alikuwa katikati ya pindo aliposikia sauti ya rafiki yake kwenye kipaza sauti, ndani ya ukuta wa shule. Alimwita binti mbele ya wote, kwa jina lake kamili. "Fundi wa hapo nje ameniambia unaonewa. Haya, waonyeshe kwa kidole!"

Kikafuata kicheko cha shule nzima.

Mchana binti alipita, kola ikining'inia mgongoni. Hakusimama. "Nilikuambia wewe tu," alisema, na hakumwita shangazi.

Mama Kiraka akamfuata mwalimu ofisini. "Umenifanyia nini?"

"Sasa ningejuaje bila kuuliza? Watoto ni watoto, dada. Usilikuze."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amewaambia watoto wengi methali hiyo kwa mzaha.

Kabla wiki haijaisha, wazazi walimhamisha binti shule. Mama Kiraka alikwenda kwao kuomba radhi. Mama mtu alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Siku hizi anashona shuka za hospitali, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Nguo za watoto hapokei.