Minazi Isiyokuwa Kwenye Hati

Mimi ni mbishi, sikatai. Kwenye chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tanga, meneja alizoea kuniita Mheshimiwa Jaji. Kazi yangu ni moja tu: mtu akileta hati ya ardhi aweke rehani, mimi ndiye wa kuichunguza kabla mkopo haujatoka.

Siku hiyo alikuja mama mmoja wa Makorora, mkamuaji wa mafuta ya nazi. Alikuwa amenunua shamba la minazi upande wa Mkinga, kwenye mnada, baada ya mwenye shamba kushindwa kulipa deni la benki. Ili alipate aliuza bangili zake zote za dhahabu. Sasa alitaka mkopo wa mashine ya kukamulia, na dhamana ni shamba hilohilo.

"Nazi ninazo zangu sasa," aliniambia, uso umemchangamka. "Sibembelezi mchuuzi tena."

Nikaenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi. Hati safi kabisa: rehani ya benki imefutwa, jina lake limeingia, hakuna zuio wala kesi. Meneja akanisukumia fomu nisaini. Nikamwambia sisaini shamba nisilolikanyaga. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Msajili keshaona. Weye unataka kuona nini tena?"

Wallahi nilikasirika. Kesho yake asubuhi nikachukua bodaboda mpaka shambani. Nikamkuta mkwezi juu ya mnazi anaangua nazi, na chini bibi mmoja kajifunga kanga kiunoni anazipanga mafungu. Nikajua nimefumania wezi, ila adabu ni adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nazi hizi za nani?"

"Zangu."

"Na shamba?"

"La wenyewe," akanijibu, ananishangaa. "Ardhi yao, minazi yangu. Marehemu mume wangu aliipanda kwa ruhusa ya baba yao. Muulize yeyote hapa."

Loh! Mimi, mtoto wa pwani hiihii, ambaye bibi yangu mzaa mama alikuwa na minazi yake kumi katika shamba la jirani, nilikuwa sijauliza minazi ni ya nani! Benki haikuuliza, dalali hakuuliza, mnunuzi naye hakuuliza. Tungetoa mkopo ule, mama wa watu angekosa nazi za kukamua, angeshindwa kulipa, na sisi tungelipeleka shamba mnadani mara ya pili.

Nilipomweleza yule mama wa Makorora, aliniwakia. "Nani kakutuma uniharibie?" Kisha akaketi, akalia. Na mimi nikalia, maana bangili zile ndizo alizoolewa nazo.

Lakini sikumwacha. Nilimshika mkono tukaenda kwa bibi, tukakaa mkekani kutwa nzima. Kumbe bibi naye alikuwa amechoka na wachuuzi wanaomlipa watakavyo. Walibishana bei, wakanuniana, wakachekana, mwisho wakaelewana: minazi ni ya bibi na warithi wake, nazi zote anauziwa mama kwa bei ya shambani, na mama atapanda minazi yake palipo wazi. Nikapiga hesabu upya. Mkopo unalipika!

Siku ya kutia saini mapatano hayo meneja alikuja mwenyewe shambani, viatu vimejaa mchanga. Mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri. Bibi hakugusa wino. Akanyoosha kidole kwa meneja.

"Nisomee kwanza palipoandikwa minazi ni yangu."

Meneja akasoma.

"Sijasikia vizuri. Soma tena."

Akasoma tena.

"Na jina la mume wangu lipo, kwamba yeye ndiye aliyepanda?"

Meneja akatazama karatasi, kisha akanitazama mimi. Halikuwepo. Akaomba kalamu, akaliandika kwa mkono wake, akasimama wima na kusoma yote tangu mwanzo, kwa sauti, shamba zima likisikia. Hapo ndipo bibi alipochovya kidole.