Nilimfungia Mama Mkwe Choo cha Mashua

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si pombe, si marafiki wabaya. Ni mimi na mdomo wangu, na kijichoo kimoja ambacho hata mbuzi angekataa kulazwa ndani. Najua mtanicheka. Chekeni, lakini someni hadi mwisho.

Mimi ni mtu wa Githongo, Meru, mtoto wa wakulima wa kahawa. Nilikua sijaona maji mengi kuliko yale ya mfereji wa kuoshea kahawa kiwandani. Kisha nikapata kazi kwenye bwawa moja la umeme huku chini Mbeere, kutunza mashua ndogo ya tanga ya mhandisi mstaafu. Yeye hukaa Nairobi. Huja mara moja kwa mwezi na rafiki zake, wanazunguka siku mbili, wanakula humo na kulala humo. Siku nyingine zote mashua iko mikononi mwangu.

Sasa hicho choo. Jamani! Kiko chini ndani, nyuma ya mlango mwembamba kama wa kabati. Unaingia kinyumenyume, maana ukitanguliza uso hutaweza kugeuka tena. Ukikaa, magoti yanagonga mlango na kichwa kinagonga dari. Mashua ikiinama na wewe unainama nayo, umeshika ukuta kwa mikono miwili, suruali haijulikani iko wapi. Na ukimaliza bado hujamaliza. Kuna koki ya kufungua, kuna pampu ya mkono ya kupiga mara ishirini, kisha ufunge koki. Maagizo yamebandikwa mlangoni.

Uchafu hauendi bwawani, kwa sababu watu wanakunywa hayo maji. Unaenda kwenye tangi dogo. Na nani hubeba hilo tangi kupanda nalo mlima hadi kwenye shimo? Ni mimi! Linachuruzika hadi kwenye viatu. Wageni wa mhandisi walikuwa wanakula vizuri, hilo naweza kulishuhudia popote.

Nikachoka. Nikazua ujanja wangu. Mhandisi akiwa hayupo, nami nikimpeleka mwalimu fulani au mtu wa kanisa akaone maji, nilikuwa nafunga mlango wa choo kwa kufuli na kusema kimeharibika. Watu walivumilia, wakashuka, wakakimbilia vichakani. Hakuna aliyekufa. Uongo ule ukawa kitu cha kawaida kwangu, sikuuona tena kama uongo.

Mke wangu, nitamwita Wawira ingawa si jina lake, ni mtu wa Kanja, Embu. Mama yake alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza tangu tuoane, amwone mjukuu. Wasomaji wa mbali waelewe jambo moja. Huku kwetu, Meru na Embu, mwanamume na mama wa mke wake wanaoneana haya kubwa, tunaiita thoni. Hamwezi kula mkitazamana. Hamwezi kukaa karibu. Habari za choo ndizo hazitajwi kabisa. Mgeni kama huyo akitaka kujisaidia, binti yake ndiye humwonyesha njia, nawe unatafuta kazi ya kufanya upande wa pili wa boma.

Mama alikuwa amesikia kwamba mkwe wake ni kapteni. Nani alieneza habari hiyo? Mimi tena! Basi Wawira akaniomba nimzungushe mama yake kidogo kwa mashua. Mtoto tukamwacha kwa jirani.

Asubuhi ile nikafikiria tangi. Mama akitumia kile choo, jioni ni mimi nitakayebeba. Nikapiga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni mwa jaketi, nikamwambia Wawira choo kimeharibika lakini wasijali, ni saa moja tu tutakuwa tumerudi. Nilijiona mtu wa heshima sana, nalinda thoni.

Tulienda vizuri. Mama alikaa mbele, amenipa mgongo kama ilivyo desturi, leso kichwani, akimwonyesha Wawira ndege kwa kidole. Tulipofika katikati kabisa upepo ukakata. Tanga likalegea. Injini ilikuwa kwa fundi Embu mjini. Kasia ni moja, na nikipiga kasia moja tunazunguka tu mahali pamoja. Kando ya bwawa upande ule ni matope na mamba. Simu haikushika netiweki. Tukakaa.

Saa moja ikapita. Wawira akaja nyuma nilipokuwa, akaninong'oneza.

"Mama ako na sukari. Hawezi kukaa hivi bila kuenda. Hiyo choo imeharibika nini?"

Nikamwambia ni pampu. Akasema basi mama ajisaidie tu humo, yeye mwenyewe ataosha baadaye. Ningesema ndiyo. Kitu kidogo tu, ndiyo! Lakini ningefungua na pampu ingefanya kazi, nami ningekuwa mwongo mbele ya mama mkwe. Nikaona afadhali avumilie kidogo, upepo utarudi.

"Ikifunguliwa maji itaingia," nikamwambia. "Tutazama."

Akaniamini. Angejuaje? Amekulia kwa mahindi na maharagwe, mambo ya koki za mashua ameyatoa wapi? Alirudi mbele akamweleza mama yake kwa Kiembu, na mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelewa shida za watu wengine.

Saa ya pili Wawira alitoa ndoo, akataka kumzungushia mama yake leso. Mama akakataa. Mkwe yuko hatua tatu! Nikajitolea kujifunika kichwa kwa gunia. Bado alikataa, maana masikio hayafunikwi. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, kisha akaacha kuimba. Nikaona mkono wake umeshika ukingo wa mashua, vidole vimekakamaa. Mimi ufunguo uko kifuani! Nausikia kila nikipumua! Na bado nikanyamaza, nikaangalia tanga, nikalaani upepo, nikamlaani mhandisi na fundi wa injini. Kila mtu nilimlaani isipokuwa mimi.

Saa ya tatu nilisikia kabla sijaona. Maji yalitiririka kwenye mbao hadi yakafika karibu na miguu yangu. Mama alivuta leso akajifunika uso wote. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mama wa kanisa, aliyelea watoto sita, amelowa mbele ya mkwe wake.

Nikavua jaketi, nikampa Wawira amfunike mama yake. Hapo ndipo ufunguo ulipoanguka.

Wawira aliuokota. Alishuka chini, nikasikia kufuli, nikasikia mlango, nikasikia pampu ikipigwa na maji yakipita. Alipiga mara zote ishirini kama ilivyoandikwa. Mashua haikuzama. Alipopanda juu macho yalikuwa makavu.

"Inafanya," akasema.

Upepo ulirudi saa tisa. Tulipofika ufukweni Wawira alimshika mama yake mkono wakatangulia nyumbani.

Mama aliondoka kesho yake kabla ya chai. Wiki haikuisha Wawira akabeba mtoto akamfuata Kanja. Nilimpigia simu mara nyingi. Alishika moja tu, akaniambia mambo ya choo anaweza kusahau, lakini hawezi kusahau kwamba masaa matatu nilimtazama kwa macho nikimwambia tutazama.

Wazee wa kwetu wakanishauri. Thoni ikivunjika kuna njia yake, unapeleka mbuzi na mnazungumza. Nikanunua mbuzi, nikaenda naye Kanja na wazee wawili. Tuliketi uani na wazee wa kwao. Mama alikuwa ndani, mlango umeegeshwa, akasema kupitia mlangoni kwamba mbuzi atamchukua, ila kwanza anataka ajibiwe kitu kimoja.

"Hiyo choo ilikuwa imeharibika kweli?"

Wazee wote walinigeukia, wa kwao na wa kwetu. Nilifungua mdomo kusema ukweli, naapa nilifungua.

"Ilikuwa inasumbua kidogo," nikasema.

Mjinga mimi! Nimepewa mlango, nimeufunga tena kwa mkono wangu!

"Mrudishieni mbuzi yake," mama akasema. Kisha akaniambia mimi, bila ukali. "Wewe ulinionea haya. Hukunionea huruma."

Nilitembea na yule mbuzi hadi barabarani, na kila niliyekutana naye aliniuliza kama namwuza. Hiyo ni miezi saba sasa. Nasikia mtoto ameanza kutembea. Mimi nimesikia tu.

Ndugu zangu, hasa sisi wanaume wa milimani tunaojua sana kuheshimu wakwe. Mtu mzima akikuuliza choo kiko wapi, mwonyeshe. Kiwe kidogo, kiwe kichafu, uwe wewe ndiye utakayekisafisha, mwonyeshe! Heshima inayomwacha mama wa watu alowe si heshima. Na ukishadanganya, rudi nyuma mapema ukiwa bado unaona ulikotoka. Mimi nilikuwa na nafasi tatu, kila moja niliiacha ipite.

Nimeandika huku gazetini kwa sababu ya jambo moja. Macho ya mama hayaoni vizuri herufi ndogo, na kila Jumamosi binti yake humsomea ukurasa huu kuanzia juu hadi chini. Basi wewe niliyekuita Wawira, najua umeshatambua, najua umetaka kukunja gazeti. Usilikunje. Soma kwa sauti mstari huu mmoja: Mama, choo kilikuwa kizima, na ufunguo nilikuwa nao mimi.